Kabla hujaingia maktaba ya mkoa kutafuta historia ya Moshi na Arusha

Ukifika Maktaba ya Mkoa wa Kilimanjaro mjini Moshi, au ile ya Arusha, ukamwambia mkutubi "naomba vitabu vya historia ya Wachagga", utapewa anachopewa kila mtu: vitabu vichache vya jumla ambavyo wanafunzi wamekwisha kuvichosha. Mkutubi hana kosa. Swali lenyewe halina mwaka, halina mahali, halina jambo. Kazi ya kulinoa hufanyika nyumbani, kabla hujapanda daladala.

"Kahawa Kibosho, 1925 hadi 1960" ni swali linalotafutika. Ukishaweka miaka, unajua pia majina ya kuuliza. Mwaka 1925 chama cha wakulima wa kahawa kilikuwa KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association). KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao, ilizaliwa 1933. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, na KNCU ikarudi 1984. Anayetafuta ripoti ya KNCU ya mwaka 1979 hataipata hata akikaa wiki nzima, kwa sababu chama hakikuwepo. Miaka hiyo atafute Mamlaka ya Kahawa.

Kisha andika kwenye karatasi moja majina yote ambayo mahali pako pamewahi kuitwa. Hapa ndipo watafiti wengi wa kaskazini hujikwaa. Moshi ya maandishi ya miaka ya 1890 siyo mji wa leo wenye stesheni na mzunguko wa magari. Ni Old Moshi, juu mlimani, kwa Mangi (mtawala wa Kichagga) Rindi na baadaye mwanawe Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga Machi 1900. Mji wa chini ulikua baada ya reli ya kutoka Tanga kufika 1911, na Wajerumani wakauita Neu-Moschi, yaani Moshi Mpya. Kwa hiyo msafiri wa 1898 akisema alilala Moshi, usimweke Majengo wala Njoro, mitaa ya mji wa leo. Arusha nayo ni mbili: Arusha Chini, kusini mwa Moshi kwenye mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, na Arusha iliyo chini ya Mlima Meru. Taarifa za misafara ya karne ya 19 husema "Arusha" tu, na ukichanganya hizo mbili, umbali wote unaoupima baadaye utakuwa wa uongo.

Tahajia ya Kijerumani nayo iwe kwenye karatasi hiyo: Moschi, Aruscha, Madschame kwa Machame, Kiboscho, Dschagga. Faharasa ya kitabu cha zamani haitakusaidia ukitafuta kwenye herufi isiyo yake. Wachagga hapo wako chini ya D, hawako chini ya C. Na kama hujazoea herufi za zamani za Kijerumani, chapisha mapema jedwali la alfabeti hiyo ulibebe, kwa maana "s" ndefu na "f" zinafanana mno, hata jina la mtu linageuka.

Mipaka inastahili muda kuliko watu wengi wanavyoipa. Wakati wa Waingereza, Moshi, Arusha, Mbulu na Umasaini zilikuwa ndani ya Jimbo la Kaskazini, makao makuu Arusha, ilhali Upare ulihesabiwa Jimbo la Tanga. Anayechunguza Same au Mwanga ya mwaka 1935 akishinda kwenye ripoti za Kaskazini anapoteza siku. Mkoa wa Manyara ulikatwa kutoka Arusha 2002, hivyo Babati ya 1988 iko ndani ya vitabu vya Arusha. Na takwimu za sensa zina mtego wake: Wilaya ya Hai ilihesabiwa watu 259,958 mwaka 2002, na 210,533 mwaka 2012. Watu hawakukimbia. Katikati ya sensa hizo mbili Siha ilimegwa ikawa wilaya yake, na mwaka 2012 ilikuwa na watu 116,313. Jumlisha Hai na Siha ndipo ulinganishe. Miaka ya sensa za kutafuta ni 1948, 1957, 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022.

Jua pia maktaba haina nini. Maktaba ya mkoa inatunza vilivyochapishwa: vitabu, majarida, magazeti, ripoti za serikali, pengine na ramani. Majalada ya mkuu wa wilaya wa kikoloni, barua zake na mihuri yake, yako kwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na kwa kawaida jalada hufunguliwa kwa umma likishatimiza miaka 30. Vitabu vya ubatizo na ndoa viko parokiani na kwenye sharika. Wakatoliki walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakaingia 1893, kwa hiyo ukoo wa Kichagga unaweza kufuatiliwa kwa maandishi mbali kuliko wengi wanavyodhani. Lakini usianzie huko. Anzia maktaba, fungua kitabu kizuri cha kitaalamu, soma tanbihi zake (maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja vyanzo) kuliko matini. Tanbihi ndizo zinazokupa namba ya jalada. Ukifika Dar es Salaam nayo mkononi, unaomba jalada badala ya kuomba msaada.

Rafuni, maktaba zetu za umma hufuata namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa mada. Wengi huishia 967.8, historia ya Tanzania, wakaondoka. Habari za mahali zimetawanyika: safari na jiografia ziko 916.78, historia ya kanisa nchini 276.78, ushirika 334, mila na desturi 390, kahawa 633.73. Kitabu cha kilimo cha mwaka 1950 kinaweza kukueleza kihamba (shamba la ukoo la Kichagga) na mifereji vizuri kuliko kitabu cha historia, kwa sababu bwana shamba alitembea kila mtaro na kuandika kiasi cha maji. Kisha uliza kuhusu mkusanyiko wa Tanzania na Afrika Mashariki, ambao mara nyingi huwekwa kando au kwenye kabati lenye kufuli. Hutauona ukizungukazunguka rafuni, na vitabu vyake havikopeshwi. Omba jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza 1936 na baadaye likaitwa Tanzania Notes and Records. Toleo la 64, la Machi 1965, lote ni la Kilimanjaro.

Magazeti yanataka tarehe. Chukua kesi ya ardhi ya Wameru: watu waliondolewa Engare Nanyuki kuanzia Novemba 1951, na mwakilishi wao Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa 1952. Hayo ni madirisha mawili, na kila dirisha liongezee wiki kadhaa mbele, maana gazeti la Mambo Leo lilitoka mara moja kwa mwezi na habari ilichelewa. Kwa siasa za Uchagga za miaka ya 1950, uliza kama kuna nakala za Komkya, gazeti la Wachagga. Na ukitafuta The Standard baada ya Aprili 1972 hutalipata: liliunganishwa na The Nationalist yakawa Daily News.

Makaratasi ya kubeba: kitambulisho, picha ndogo ya pasipoti na fedha taslimu kidogo za ada na fotokopi. Barua ya utambulisho ya chuo, au ya serikali ya mtaa kwa asiye mwanafunzi, hufungua kabati haraka. Ukipanga pia kuhoji wazee vijijini, hiyo ni safari nyingine ya vibali: barua ya utafiti ya chuo, kisha ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, ndipo mtendaji wa kijiji. Mgeni kutoka nje ya nchi anaanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Anza mapema, kwani kila ofisi inasubiri iliyotangulia.

Mkobani weka penseli mbili na kichongeo. Wino wa kalamu ukidondoka kwenye ukurasa wa gazeti la mwaka 1952 haufutiki. Beba pawabenki, umeme hukatika. Barakoa pia, hasa kwa mwenye pumu, kwa sababu vumbi la magazeti yaliyojalidiwa si mzaha. Gazeti la zamani limetengenezwa kwa massa ya mti yenye asidi inayolila polepole. Karatasi inakuwa ya kahawia na kuvunjika kwenye mkunjo. Lilaze juu ya meza, usilishike hewani. Funua kwa kupitisha kiganja chini ya kona ya juu, usilambe kidole, na usikubali kitabu kizima cha magazeti yaliyojalidiwa kipinduliwe kwenye mashine ya fotokopi, maana mgongo utapasuka. Omba ruhusa ya kupiga picha kwa simu, ukiwa umezima flashi.

Kwa kila kitabu, anza na picha za utambulisho: jalada la kitabu, kisha ukurasa wa kichwa wenye mwaka, kisha kibandiko cha namba ya rafu. Baada ya hapo ndipo kurasa zenyewe, na namba ya ukurasa ionekane ndani ya picha. Asiyefanya hivyo hubaki na picha mia mbili nzuri asizoweza kuzitaja chanzo, na mhariri au msimamizi atazikataa zote. Andika pia ulichotafuta ukakikosa, pamoja na tarehe, usije ukakitafuta tena mwezi ujao. Nusu saa kabla ya kufunga, acha kusoma, mwombe mkutubi akuwekee vitabu na magazeti ya kusoma kesho, na uviache mezani vitabu ulivyotumia. Usivirudishe mwenyewe: kitabu cha 334 kikichomekwa kwenye 338, kwa anayefuata kimepotea.