Unataka kuongoza okestra Lubumbashi? Fimbo iache kwanza

Mdogo wangu unayeongoza korali pale mitaa yetu ya Katuba au Kenya na sasa macho yako yako kwenye okestra, jifunze kwanza ala moja uimudu, na solfeji, yaani kusoma noti kwa kuziimba, uisome bila kubabaika. Wanakorali wanakubeba, maana maneno wanayajua kwa moyo. Mpiga violini hana maneno, ana mkono wako tu.

Partisyo, yaani karatasi zenye noti za ala zote pamoja, za watunzi wakubwa wa zamani ziko bure kwenye maktaba ya Petrucci, intaneti. Pakua, chapisha, kaa chini na penseli, uimbe kila mstari peke yake. Mitego ipo: viola, ile kubwa kidogo kuliko violini, ina ufunguo wake, yaani alama ya mwanzo inayoonyesha noti ipi inakaa wapi: do ya kati inakaa mstari wa tatu, klarineti ya si bemoli (si iliyoshushwa nusu hatua) ikiandikiwa do, sikio linapata si bemoli. Mpiga klarineti atakuuliza siku ya mazoezi, tena mbele ya watu.

Sasa mkono. Chukua Simfoni ya 5 ya Beethoven. Ile ta-ta-ta-taa kila mtu anaijua, lakini kwenye karatasi inaanza na kimya kifupi, halafu sol tatu, halafu mi bemoli ya kushikilia. Wanaopiga ni nyuzi na klarineti tu. Mwendo ni wa kasi, kwa hiyo tunapiga pigo moja kwa kila kipimo, kile kipande kati ya mistari miwili ya wima. Inua mkono mara moja huku ukivuta pumzi kwa kasi ileile unayoitaka, ushushe. Wao wanaingia mkono ukishafika chini. Ukiinua kivivu, nusu ya violini zitaingia na nusu zitakungoja. Kuhesabu "moja, mbili" kwa sauti, kama tulivyozoea kanisani, sikubali. Na ile mi bemoli, amua kabla ya mazoezi utaikata wapi, kwa sababu kukata nako kunahitaji mkono ulio wazi. Rudia mbele ya kioo, kisha mbele ya wapigaji wanne.

Hao wanne utawatafuta mwenyewe. Mfano ni Armand Diangienda: alikuwa rubani kabla ya kuanzisha Okestra ya Wakimbanguisti, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, Kinshasa mwaka 1994. Violini zilikuwa chache, watu wakapokezana, na uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Hapa kwetu fanfari, yaani bendi za ala za kupuliza, za makanisa zina watu wa tarumbeta na klarineti. Wazee wao uwasalimu kwanza, ukae nao, ndipo uombe. Akikosea mzee, sema "klarineti, turudie", jina lake usilitaje. Na nauli yao ya kurudi nyumbani uwe nayo mfukoni. Bila nauli, hata Mozart angeongoza viti.

Mashindano makubwa ya waongozaji, kama yale ya Besançon, Ufaransa, aliyoshinda Seiji Ozawa mwaka 1959, yaache kwa sasa. Tafuta mwalimu, hata wa mbali, umtumie video za mazoezi. Anayeshika simu asimame nyuma ya wapigaji, akutazame wewe: mgongo wako hauna cha kumwonyesha mwalimu.