Somo: Namna ya Kuongoza Upimaji wa Wanafunzi katika Chuo cha Udaktari

Nimeandika somo hili kwa sababu maswali yale yale hunijia kila muhula kutoka kwa wenzangu waliokabidhiwa dhamana ya mitihani, na kwa kawaida hunijia wakati matokeo yamekwisha kubandikwa na wanafunzi wamekwisha kukata rufaa. Kuanzia leo nitamwelekeza kila mwulizaji hapa. Hatua zote zinasimama juu ya jambo moja: uamuzi wowote mgumu kuhusu mtihani ufanywe na kuandikwa kabla ya mtahiniwa wa kwanza kuketi, kwani ukishayaona majina na alama huwezi tena kuamua kana kwamba hujayaona.

Hatua ya kwanza. Pata barua ya uteuzi inayotaja nani mwenye neno la mwisho juu ya alama kati yako, idara na bodi ya watahini.

Hatua ya pili. Tengeneza jedwali la kutahini. Upande mmoja panga mifumo ya mwili, upande wa pili panga yale ambayo mwanafunzi atatakiwa kuyafanya (kueleza chanzo cha ugonjwa, kuchagua kipimo, kufasiri majibu ya maabara, kuamua tiba), kisha jaza idadi ya maswali katika kila chumba. Idara yenye wahadhiri wengi itataka maswali mengi, na itakuwa na hoja nzuri za kuyadai. Jedwali lifuate uzito wa tatizo lenyewe: linatokea mara ngapi, na likikosewa mgonjwa anadhurika kiasi gani.

Hatua ya tatu. Chagua aina ya mtihani kwa kadiri ya unachotaka kukipima. Mwaka 1990 George Miller alipanga umahiri wa tabibu katika ngazi nne: kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kutenda. Maswali ya kuchagua jibu moja lililo bora yanafikia ngazi mbili za chini. Mtihani wa vituo, maarufu kama OSCE, ambamo wanafunzi huzunguka kituo hadi kituo kwa kengele na kutenda kazi moja mbele ya mtahini katika kila kituo, na ambao Ronald Harden wa Dundee na wenzake waliuandika mwaka 1975, unafikia ya tatu. Ya nne hupatikana wodini tu, kwa mwanafunzi kutazamwa mara nyingi na watu mbalimbali. Ukitaka kujua kama mwanafunzi anaweza kusikiliza kifua cha mgonjwa, usimwulize kwenye karatasi.

Hatua ya nne. Kusanya maswali mapema na yapitiwe na watu wa idara tofauti. Funika machaguo, soma shina peke yake, yaani maelezo na swali lenyewe. Mtaalamu asipoweza kujibu bila kuyaona machaguo, shina halijakamilika. Ondoa chaguo la "yote yaliyotajwa". Jibu sahihi likiwa ndilo refu kuliko mengine, mrudishie mwandishi swali lake.

Hatua ya tano. Weka alama ya kufaulu kwa utaratibu, si kwa mazoea. Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo tulipoteleza. Katika karatasi ya machaguo manne, mtu asiyejua lolote hupata takriban alama 25 katika 100 kwa kubahatisha, ilhali katika insha hapati kitu. Kwa hiyo asilimia 50 katika karatasi hizo mbili haina maana moja, na karatasi ya mwaka huu ikiwa ngumu kuliko ya mwaka jana, asilimia hiyo hiyo inawaonea wa mwaka huu. Njia inayotumika sana kwa maswali ya kuchagua ni ile inayoitwa kwa jina la William Angoff, mtaalamu wa upimaji wa Marekani, iliyotokana na maandishi yake ya mwaka 1971. Kila mjumbe wa jopo husoma swali na kukadiria, kati ya wanafunzi 100 walio ukingoni mwa kufaulu, ni wangapi wangelijibu sawasawa. Makadirio ya wajumbe hufanyiwa wastani, na wastani wa maswali yote ndio unaokuwa alama ya kufaulu. Inasikika kuwa kazi nyepesi. Tulipoitumia mara ya kwanza, niliwagawia wajumbe maswali kabla hatujakubaliana mwanafunzi wa ukingoni ni nani hasa, kila bingwa akakadiria huku akimfikiria mwanafunzi wake hodari, na alama ikapanda kiasi cha kuwaangusha vijana ambao wodini hakuna aliyewahi kuwatilia shaka.

Kwa hiyo chukueni tahadhari hizi. Sehemu ya kwanza ya kikao itumike kumweleza kwa maandishi mwanafunzi wa ukingoni: anajua nini kwa uhakika, anakosea wapi, anahitaji msaada gani. Wajumbe wajibu maswali wenyewe bila mwongozo wa majibu kabla ya kukadiria, kwani swali ambalo jibu lake unalo mkononi daima huonekana rahisi. Makadirio yaandikwe kwanza, yasitamkwe. Mkuu wa idara akianza kutaja lake, wadogo watamfuata. Yakitofautiana sana, wa juu kabisa na wa chini kabisa watoe sababu zao, kisha wote wakadirie upya bila kushurutishwa kuafikiana. Na jopo la watu wawili si jopo.

Hatua ya sita. Waandae watahini wa vituo. Waonyeshwe video moja ya mwanafunzi akimhoji mgonjwa, kila mmoja asahihishe peke yake, kisha alama zote ziandikwe ubaoni. Tofauti itakayoonekana itawafundisha zaidi ya hotuba yako. Mbali na kujaza orodha ya vitendo, kila mtahini atoe hukumu ya jumla: ameshindwa, yuko ukingoni, amefaulu, amefanya vizuri sana. Hukumu hizo zikilinganishwa na alama za orodha kwa mstari wa regresheni, yaani mstari mnyoofu unaopita karibu zaidi na alama za wanafunzi wote, alama inayoangukia kwenye "ukingoni" ndiyo ya kufaulu kituo hicho. Tarakimu yenyewe hupatikana baada ya mtihani, lakini njia ya kuipata imekwisha kupitishwa kabla yake, na hilo ndilo la muhimu. Kwa darasa dogo mstari huo huyumba, kwa hiyo tumieni jopo.

Hatua ya saba. Siku ya mtihani, mwachie msimamizi kazi yake.

Hatua ya nane. Chambua kila swali kabla matokeo hayajatoka: ni sehemu gani ya wanafunzi waliolipata, na je, waliofanya vizuri mtihani mzima ndio waliolipata? Kwa mtihani unaoamua kama mtu atasonga mbele, kipimo cha kuaminika, kama vile alfa ya Cronbach (namba isiyozidi 1 inayoonyesha jinsi maswali ya mtihani yanavyokubaliana katika kuwapanga wanafunzi), kisipungue 0.8.

Hatua ya tisa. Peleka matokeo kwenye bodi kwa namba za watahiniwa, bila majina.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama: Nimepitia juu juu tu. Kanuni za chuo chetu zinasema 50. Je, nikiwaongezea wote alama tano haitatosha?

Jibu: Hatua ya tano imelijibu swali hili. Kuwaongezea wote alama tano ni kubadili alama ya kufaulu bila kuandika popote kwamba umeibadili. Kanuni ikikubana, pata alama ya jopo kwanza, kisha geuza kipimo ili alama hiyo isomeke 50 kwenye matokeo.

Mwanachama: Mzunguko wote huu wa nini? Sisi huwaangusha asilimia 10 ya mwisho na hatujawahi kupata tatizo.

Jibu: Hamjapata tatizo kwa sababu hamjalitafuta. Darasa zima linaweza kuwa zuri, na darasa zima linaweza kuwa hafifu; asilimia 10 haitofautishi kati ya hayo mawili.

Mwanachama: Samahani kwa swali refu, Mwalimu. Katika uchambuzi wetu kuna swali ambalo wanafunzi bora walilikosa na wa chini wakalipata. Je, tulifute, na tukilifuta, alama ya kufaulu inabaki pale pale?

Jibu: Ahsante sana, hili ndilo swali nililotamani kuulizwa. Anza na mwongozo wa majibu: mara nyingi utakuta herufi imeandikwa kimakosa, na wanafunzi bora wote wamechagua jibu moja ambalo kwa hakika ndilo sahihi. Hapo rekebisha mwongozo na usahihishe upya. Mwongozo ukiwa sawa, mpelekee mwandishi na mtu mwingine wa fani hiyo wasome shina. Pengine lina tafsiri mbili, na aliyesoma zaidi ndiye aliyeiona ya pili. Likifutwa, linafutwa kwa wote, na kadirio la jopo kwa swali hilo linatolewa pia, kwa hiyo alama ya kufaulu inakokotolewa upya pamoja na jumla. Wengi husahau sehemu hiyo ya mwisho. Uamuzi huo ufanywe na watu wasiojua nani atapanda na nani atashuka.

Mwanachama: Na aliyepata 56 ilhali alama ya kufaulu ni 58? Ni haki kweli kumwangusha?

Jibu: Tuchukue mfano. Mkengeuko sanifu wa alama, yaani kadiri alama za wanafunzi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ukiwa 8 na kipimo cha kuaminika kikiwa 0.84, kosa sanifu la kipimo, yaani kadiri alama ya mtu inavyoweza kupotoka kwa bahati tu, ni 8 mara kipeuo cha pili cha 0.16 (1 kutoa 0.84), yaani 3.2. Maana yake mtihani wako hauna uwezo wa kutofautisha 56 na 58 kwa uhakika. Vipo vyuo vinavyoongeza kosa hilo juu ya alama ya kufaulu ili kumlinda mgonjwa, hasa kwenye vituo, na vipo vinavyolipunguza ili kumpa mwanafunzi faida ya shaka. Zote mbili zinaweza kutetewa mbele ya kamati ya rufaa, mradi ziliandikwa kabla. Kuchagua mojawapo baada ya kumwona huyo wa 56 ni nani hakutetewi.

Mwanachama: Naomba unitumie jedwali lako la kutahini nilitumie kama lilivyo.

Jibu: Hapana. Limefuata mtaala wetu, si wenu.

Mwanachama: Mimi sina swali, nina dokezo kuhusu vituo. Mgonjwa anayeminywa tumbo tangu asubuhi huchoka na kuanza kuguna mahali pasipouma, hivyo wanafunzi wa mwisho wanapata kituo tofauti na wa kwanza. Sisi huweka wagonjwa wawili kwa kila kituo cha aina hiyo, wakapokezana.

Jibu: Dokezo zuri, na mtahini naye huchoka vivyo hivyo. Nyongeza yangu ni kituo cha mapumziko katikati ya mzunguko, chenye kiti tu na karatasi isiyo na alama. Kituo chochote kikiharibika, kifaa kikizima au mgonjwa akiondoka, unakigeuza hicho kuwa kituo cha akiba bila kuuvunja mzunguko mzima.

Mwanachama: Kengele je? Yetu haisikiki vyumba vya mwisho.

Jibu: Ijaribuni jana yake, milango ikiwa imefungwa na watu wakizungumza ndani. Mlango ukiwa wazi kila kengele husikika.