SOMO: Kupanda kivumbasi kwenye bustani ya maua ya kudumu (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila mvua zikikaribia napata ujumbe uleule: "Mama, kivumbasi changu kimekauka, nifanyeje?" Naandika hapa mara moja, nikiulizwa tena nitaelekeza huku. Nazungumzia kile kikubwa chenye harufu ya karafuu, kinachoweza kufika kimo cha mtu na kudumu miaka. Rehani ya vikuba ni somo jingine.

1. Wakati: Desemba hadi Februari. Huku kwetu Mtwara mvua ni msimu mmoja tu. Ukipanda Aprili, kiangazi kitakikuta mizizi bado iko juu juu.

2. Mahali: penye jua zaidi ya nusu siku. Acha mita moja kati ya mche na mche.

3. Vipandikizi: tawi changa lisilo na maua, sentimita 15 hivi. Kata chini kidogo ya fundo, ondoa majani ya chini.

4. Kuotesha. Hapa ndipo vinapofia vingi, na vyangu vya mwanzo vilifia hapa. Tumia mchanga wa mto. USITUMIE mchanga wa ufukweni, hata kama unaishi Mikindani na bahari iko mlangoni. Una chumvi, na mvua moja haiiondoi. Kipandikizi kitasimama kijani siku chache ukadhani kimeshika, kisha kitaanza kuwa cheusi kutokea chini. Pia usichanganye samadi hatua hii. Kidonda cha tawi kikikutana na samadi kinaoza. Weka kopo lenye matundu kivulini, mchanga uwe na unyevu bila kutuama maji. Usivute kuangalia kama kimetoa mizizi! Subiri wiki tatu hivi. Majani mapya yakitokea, vuta taratibu sana, kikikataa, kimeshika.

5. Kuhamisha: jioni, na samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, kopo moja kila shimo.

6. Kikifika magotini, kata ncha kitoe matawi.

7. Kiangazi: tandaza nyasi kavu shinani, zisiguse shina. Mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki. Kunyunyiza kidogo kila siku hakusaidii mizizi.

8. Kupogoa: maua yakizeeka, punguza theluthi moja. Usishuke mpaka kwenye shina gumu lisilo na majani. Kama una vichaka kadhaa, pogoa kwa zamu, nyuki wasikose maua kwa wakati mmoja.

MASWALI

Kijana wa Masasi: Mama shikamoo. Unapanda mwezi gani?
— Marahaba. Hatua ya 1.

Kijana wa Masasi: Na mbegu unauza bei gani?
— Siuzi. Somo zima ni la vipandikizi. Omba tawi kwa jirani.

Dada wa Shangani: Nimefuata hatua zote, mchanga ni wa mto, lakini kingo za majani zinaungua. Namwagilia maji ya kisima cha hapa nyumbani.
— Asante kwa kueleza vizuri, dada. Onja hayo maji. Visima vilivyo karibu na bahari vingi vina chumvi, na kiangazi inazidi. Kinga maji ya mvua kwenye mapipa uyatumie kwa miche michanga. Mmea mkubwa unavumilia zaidi, ila mara mojamoja umwagilie maji mengi yasiyo na chumvi, yasukume chumvi chini.

Mtu wa Newala: Ndugu yangu yuko Marekani, ana ua jekundu liitwalo Monarda, nyuki wamejaa. Akinitumia mbegu, zitakubali?
— Swali zuri sana. Monarda na kivumbasi wote ni jamii ya mnanaa; shika shina utakuta pembe nne. Kwao Monarda ni Amerika Kaskazini. Baridi ikija, sehemu ya juu hukauka, mizizi inalala, halafu inachipua joto likirudi. Sisi hatuna baridi hiyo ya kuilaza. Tena hata kwao inasumbuliwa na ukungu mweupe wa majani, wa aina moja na ubwiriunga unaoujua kwenye mikorosho. Na mbegu za nje zinahitaji kibali cha afya ya mimea. Iga mpangilio wake tu: panda vivumbasi vitatu vinne pamoja, nyuki hupenda maua yaliyokusanyika.

Mwenye mikorosho, Tandahimba: Nyuki hao wana faida kwa korosho?
— Kubwa. Ua la mkorosho linachavushwa na wadudu, nyuki wakiwemo. Mikorosho ikimaliza kuchanua, kivumbasi kinawapa chakula wasihame. Ila ukipuliza dawa ya wadudu, puliza jioni nyuki wamesharudi mzingani, na kamwe usiielekeze kwenye kivumbasi kilichochanua.

Mgeni: Nikipanda dirishani mbu wanaisha?
— Hapana. Lala ndani ya chandarua. Majani yakifukizwa yanapunguza mbu kiasi, mmea uliosimama tu hautoshi.

Mwenye mikorosho, Tandahimba: Na kutandaza maganda ya korosho badala ya nyasi?
— Mimi siyatumii. Yale ya mbegu yana mafuta makali yanayobabua ngozi, na bustani ya maua watoto wanaingia na kutoka. Kama nyasi hazipatikani, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa yanafaa.

Kijana wa Masasi: Mama, nimepata tawi kwa jirani, ila lina maua.
— Usilitupe. Rudi kwake ukaombe lisilo na maua. Hilo liweke kwenye maji mezani, likikauka pukuta mbegu. Ni ndogo mno: zimwage juu ya udongo, bonyeza kwa kiganja, usizifukie.