Mpira wa silikoni na majitaka ya hosteli, Uyole
Majitaka ya hosteli yetu hapa Uyole yakitoka kwenye septiki bado yamejaa amonia, ile kemikali yenye harufu kali ya mkojo, na chini yake kuna kijito kinachomwagilia viazi vya watu. Ndiyo maana nawasihi mjaribu hivi ili kuipunguza amonia hiyo.

Zungusha mpira mwembamba wa silikoni, yaani kibomba laini, kwenye fremu, uuzamishe kwenye pipa la majitaka yaliyokwisha kutuama. Ncha moja ifunge kwenye pampu ndogo ya hewa, ya pili itokeze nje ya maji, ipumue kidogo. Usitafute mapovu. Povu hupanda na kutoroka na sehemu kubwa ya oksijeni yake, umeme unaenda bure. Hapa oksijeni hupenya ukuta wa mpira, ikaliwa papo hapo na bakteria walioshika nje yake.

Baada ya wiki kadhaa uvute mpira: utaona ute wa kahawia, unateleza kama mlenda. Usiusugue, tafadhali! Tabaka lililo karibu na mpira hugeuza amonia kuwa nitrati. La nje, lisilofikiwa na oksijeni, hugeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni. Ute ukinenepa mno, koroga maji tu.

Juni na Julai baridi huwapunguza bakteria kasi, basi ingiza majitaka kidogo. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ikishuka chini ya 7, ongeza chokaa kidogokidogo.