Mbwa Anatapika na Kuharisha, Daktari wa Mifugo Yuko Mbali

Kabla hujamgusa, mtazame dakika chache ukiwa umesimama kando. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, taya limelegea, udenda unamtoka, hawezi kumeza, anayumba, au sauti yake ya kubweka imekauka, huenda ana kichaa cha mbwa. Hapa ndipo watu wengi wanapoponzwa: hudhani amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono kinywani kuutafuta. Usiingize. Mfungie mahali asipoweza kutoka, waweke watoto mbali, mpigie simu afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye mchubuko au jichoni, aoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kidonda akioshe na kwa sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu kila mara ni kifo.

Ukishaliondoa hilo, tatizo linalobaki mara nyingi ni maji. Mbwa anayetapika na kuharisha, hasa mtoto, humalizwa na kukauka mwili mapema kuliko na ugonjwa wenyewe. Kumrudishia maji ni kazi unayoiweza nyumbani, mradi upime na usiharakishe.

Anza na fizi. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi juu ya chonge kwa kidole mpaka pawe peupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2, na kidole kihisi utelezi. Ufizi ukinata kama karatasi yenye gundi, maji yamepungua. Mbwa wetu wengi wana fizi nyeusi zisizoonyesha kitu. Kwa hao vuta chini kope la jicho utazame ndani, panatakiwa pawe na rangi ya waridi. Kisha vuta ngozi ya juu ya mabega na uiachie. Ikirudi polepole, mbwa amepoteza kama asilimia 6 ya uzito wake kwa maji. Ikibaki imesimama, na macho yamezama, ni zaidi ya asilimia 10, na huyo hatoshelezwi na maji ya kunywa; anahitaji dripu. Mbwa mzee au aliyekonda ngozi yake hudanganya, kwa hiyo kwake amini fizi zaidi.

Mpime joto kwa kipimajoto cha dijitali kilichopakwa Vaseline, ukiingize sentimita 2 au 3 kwenye njia ya haja kubwa mpaka kilie. Joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo 38.5 inayomtisha mtu si homa kwa mbwa. Mpime na uzito: panda mizani ukiwa umembeba, halafu toa uzito wako. Pasipo mizani ya watu, mtie kwenye gunia umpime kwa mizani ya mazao dukani.

Hesabu ya maji ya kumrudishia ni hii. Mbwa wa kilo 10 ambaye ngozi inarudi polepole amepungukiwa mililita 600. Ongeza mahitaji ya siku, mililita 50 kwa kila kilo, yaani 500. Jumla ni lita 1 na mililita 100 kwa saa 24, bila kuhesabu anayoendelea kuyapoteza. Tumia pakiti ya ORS ya dukani, ukisoma kama ni ya lita moja au nusu lita. Pasipo pakiti, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi inamkausha badala ya kumsaidia. Mwaga yaliyobaki baada ya saa 24.

Akishatapika, mpumzishe tumbo saa moja. Kisha mpe mililita 1 kwa kila kilo, kila dakika 15: wa kilo 10 anapata vijiko viwili vya chai. Tumia bomba la sindano lililotolewa sindano. Usimwinue kichwa juu. Ncha ipite pembeni mwa mdomo, katikati ya shavu na meno, umimine kidogo, usubiri uone koo likimeza, ndipo umimine tena. Ukimsukumia kwa nguvu maji huingia mapafuni, na nimonia inayofuata inaweza kumuua upesi kuliko kuhara. Asiyejitambua au asiyeweza kumeza usimnyweshe chochote. Saa 2 zikipita bila kutapika, ongeza kipimo mara mbili. Akitapika, acha saa moja na urudi kwenye nusu ya kipimo cha mwanzo. Akiachiwa bakuli zima atalifakamia kwa kiu na kulirudisha lote. Hilo ndilo kosa la kwanza la nyumba nyingi.

Mtoto wa mbwa asikae na njaa muda mrefu, sukari yake ya mwili huisha upesi. Akilegea na kutetemeka, mpake asali au sukari iliyoloweshwa kwenye fizi, na umtie joto kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa.

Chakula kirudi akimaliza saa 12 bila kutapika (mtoto mapema zaidi): wali mlaini sehemu mbili, kuku wa kuchemsha sehemu moja, bila mifupa, ngozi, chumvi wala kitunguu. Kijiko kimoja cha chakula kila saa 2 au 3. Maziwa ya ng'ombe yaache, yanazidisha kuhara.

Dawa za binadamu ndizo zinazoharibu zaidi. Panadol huumiza ini na damu ya mbwa. Diclofenac na ibuprofen hutoboa tumbo na kuua figo, tena kwa mbwa aliyekauka maji huua upesi zaidi. Dawa ya kuzuia kuhara huifungia sumu ndani. Sindano ya ivermectin ya ng'ombe, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, ina nguvu kiasi kwamba kosa dogo la kipimo ni sumu. Na kama unashuku amekula sumu, usimnyweshe mafuta wala maziwa kwa kuamini yanaizima. Hayaizimi, na mafuta yakiingia mapafuni umeongeza ugonjwa wa pili.

Kuhara damu yenye harufu kali kwa mtoto wa mbwa asiyechanjwa huelekea kuwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo. Mtenge na mbwa wengine. Zoa uchafu wote kwanza, ndipo umwage Jik mililita 50 kwa lita 1 ya maji, ikae dakika 10. Juu ya uchafu haifanyi kazi. Kwenye udongo kirusi hiki huishi miezi mingi, kwa hiyo usilete mtoto mwingine wa mbwa asiye na chanjo kwenye uwanja huo. Fizi nyeupe pamoja na homa, kupe wengi, mkojo wa rangi ya kahawa au damu puani huelekea kuwa homa ya kupe. Hiyo ina dawa, lakini dawa hutofautiana kwa kimelea, usinunue kwa kubahatisha.

Ukimpigia daktari, uwe na daftari lenye uzito, joto, saa na idadi ya kutapika, rangi ya choo, chanjo alizopata, na picha ya fizi iliyopigwa kwenye mwanga wa jua. Kwa maelezo hayo anaweza kukuelekeza hata akiwa wilaya nyingine.

Tafuta usafiri bila kungoja, hata wa kukodi bodaboda na kumweka kwenye tenga lenye gunia chini, ukiona fizi nyeupe au za bluu, tumbo limevimba na anajaribu kutapika bila kitu kutoka, degedege la zaidi ya dakika 5, joto juu ya 41 au chini ya 37, mkojo haujatoka siku nzima, au kila unachompa kinarudi kwa saa 24. Mtoto anayehara damu asingoje hata hizo saa 24. Njiani usimfunge mdomo anayetapika, atapaliwa.