Jinsi ya kufuatilia kiota cha furukombe mayai yanapokaribia kuanguliwa

Furukombe ni yule tai wa kichwa cheupe anayesikika alfajiri kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia kisiwa cha Saanane hadi cha Rubondo. Mayai yake huyaoni ukiwa chini, kwa hiyo kazi yote ni kumsoma jike.

1. Pa kukaa. Kaa mita 150 au zaidi kutoka kwenye mti, juu ya jabali linalokaribia usawa wa kiota. Mwanza majabali hayakosekani. Darubini ya 10x42 (inayokuza mara 10, yenye lenzi ya milimita 42) inatosha kuona jike na dume wanavyopokezana kuatamia. Kuona mdomo unavyofanya kazi kunahitaji ile ya kusimamishwa kwenye miguu mitatu, yenye kukuza mara 20 hadi 60. Anza saa 12:30 asubuhi. Jua likishapanda, hewa ya moto juu ya mawe huchezesha picha.

2. Hesabu. Mayai huwa 1 hadi 3, mara nyingi 2, na huatamiwa siku 42 hadi 45. Anza kuhesabu siku jike alipolala kiotani moja kwa moja.

3. Dalili. Siku za kawaida jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume, hulala chini kabisa ukaona kichwa tu. Kifaranga akianza kulia ndani ya yai, mama hatulii: anainuka, anatazama katikati ya miguu yake, kisha anajishusha polepole huku makucha ameyakunja. Kutoboa ganda mpaka kutoka kunaweza kuchukua siku nzima au zaidi, kwa hiyo usikate tamaa jioni ya kwanza. Baadaye hukaa nusu-nusu, mabawa yamelegea. Uthibitisho ni pale anapochana sato vipande vidogo mno na kuinamisha mdomo ndani ya kiota.

4. Dakika za yai kuwa wazi. Ni dakika ambazo hakuna mzazi aliyeyalalia mayai. Hizi ziandike kila mara. Jua la mchana huliua yai haraka, na kunguru na kenge nao wanavizia. Wazazi wakizunguka juu yako wakilia, ondoka papo hapo. Droni usirushe kabisa, na mtumbwi wa injini usipite chini ya mti.

5. Siku ya 50 ikipita bila dalili, huenda mayai yameharibika, hata kama jike bado analala. Usipande kuhakikisha.

Kifaranga wa pili hutoka siku chache baada ya wa kwanza, na mkubwa anaweza kumdonoa hadi afe. Inauma kutazama, lakini usiingilie.