Jinsi ya Kuisoma Sanamu au Chombo cha Kigiriki Pale Kilipowekwa

Wanafunzi ninaowafundisha historia ya sanaa huanzia karibu wote mahali pamoja: mbele ya kabati la kioo, wakieleza tabasamu la sanamu na mikunjo ya nguo yake. Nami nilianza hivyo hivyo, hadi insha yangu ya kwanza iliporudishwa ikiwa na swali moja tu pembeni: "Ilisimama wapi?" Mwongozo huu unalifuata swali hilo.

Hatua ya 1: Soma kibao cha maelezo kwa mashaka. Kabla ya kukitazama chombo chenyewe, tafuta mahali kilipopatikana. "Kilifukuliwa katika kaburi fulani" na "inasemekana kimetoka" mahali fulani ni kauli mbili zilizo mbali sana, kwani ya pili mara nyingi ni neno la mfanyabiashara tu. Kwa vyombo vya Athene, kumbukumbu za Beazley, hifadhi ya picha na taarifa za vyombo hivyo iliyoko Oxford, zinapatikana bure mtandaoni, nazo huonyesha mahali pa kupatikana pale panapojulikana. Andika ulichokipata kwenye kadi, na pasipojulikana paache wazi. Usipajaze kwa kubahatisha.

Hatua ya 2: Unganisha kilichotenganishwa. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na mfano ninaoupenda ni sanamu ya msichana aitwaye Phrasikleia, iliyochongwa kwa marumaru ya kisiwa cha Paros katikati ya karne ya 6 K.K. Ilifukuliwa mwaka 1972 huko Merenda, kusini mashariki mwa Athene, ikiwa imelazwa shimoni ubavuni mwa sanamu ya kijana wa kiume. Kitako chake, yaani jiwe iliposimamishwa, kilikuwa kimejulikana zamani, kwa sababu kilijengewa ndani ya kanisa la jirani, lakini hakuna aliyekuwa ameiona sanamu iliyosimama juu yake. Pete ya risasi, ya aina iliyotumika kuishikiza sanamu kwenye kitako, ndiyo iliyothibitisha kwamba viwili hivyo ni kitu kimoja.

Sasa soma maandishi ya kitako. Yanasema kwamba hii ni alama ya kaburi la Phrasikleia, naye mwenyewe anatamka kuwa ataitwa *kore* (msichana asiyeolewa) daima, kwa kuwa miungu wamempa jina hilo badala ya ndoa. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, maana tunalo neno "mwari". Msichana huyu amekufa akiwa mwari, na kaburi linambakiza katika hali hiyo. Ukilitambua hilo, rudi kwenye mwili wa sanamu: taji la maua ya yungiyungi, mkufu, hereni, na tumba lisilofunguka aliloshika kifuani kwa mkono wa kushoto. Amepambwa kama bibi harusi, na tumba lile halitachanua. Sanamu za wanawali zilizopatikana kwenye Akropoli, kilima cha mahekalu cha Athene, zinafanana naye kwa umbo, lakini zile zilikuwa nadhiri zilizotolewa kwa mungu wa kike Athena. Umbo ni lile lile. Mahali ndipo panapobadilisha maana. (Chunguza pia mabaki ya rangi nyekundu kwenye gauni: kukaa chini ya ardhi ndiko kulikoyahifadhi.)

Hatua ya 3: Rudisha kimo na mwanga. Ukanda wa michongo wa hekalu la Parthenon una urefu wa takriban mita 160 na kimo cha mita moja hivi, nao ulikaa karibu mita 12 juu ya ardhi, nyuma ya safu ya nguzo za nje. Anayeutazama usawa wa macho anapata kitu ambacho Mwathene aliyepita chini yake hakukipata. Ndiyo sababu mchongo wake una kina zaidi sehemu ya juu kuliko ya chini: mtazamaji alikuwa chini, na mwanga mwingi ulipanda kutoka sakafuni. Kwa hiyo chuchumaa unapotazama. Walinzi wa makumbusho wameshazoea.

Hatua ya 4: Kwa vyombo, tenga mahali patatu. Kadi iwe na nafasi ya mahali kilipofinyangwa, kilipotumika na kilipofukiwa. Kreta (chombo kikubwa chenye mdomo mpana) ya mchoraji Euphronios, yenye picha ya kifo cha shujaa Sarpedon, ilichorwa Athene mnamo 515 K.K., ni ya aina iliyotumika kuchanganyia mvinyo na maji karamuni, lakini ilizikwa katika kaburi la Waetruski, watu wa Italia ya kale, karibu na Cerveteri, Italia. Wezi wa makaburi waliichimba mwaka 1971, makumbusho ya Metropolitan ya New York yakainunua mwaka uliofuata kwa dola milioni moja, na Italia ikarudishiwa mwaka 2008. Chombo kilirudi; mpangilio wa vitu vilivyokizunguka kaburini haukurudi.

Hatua ya 5: Uliza chombo kilifanya kazi gani mkononi. Lekitho nyeupe (chupa nyembamba za mafuta) za karne ya 5 K.K. zilibeba mafuta ya kupelekwa makaburini, na msomaji aliyeona mrashi ukipitishwa msibani hatahitaji maelezo marefu. Rangi yake nyeupe huchubuka upesi, dalili kwamba hazikukusudiwa matumizi ya kila siku. Baadhi zina kikombe kidogo kilichofichwa chini ya shingo, ili mafuta kidogo tu yaonekane kujaza chombo kizima.

Kiliksi, bakuli pana la mvinyo, ijaribu nyumbani. Chora uso kwenye karatasi ya duara, uubandike kwenye sakafu ya bakuli pana kwa utepe usiopenya maji, kisha mimina chai ya rangi iliyokolea na unywe polepole. Picha itajitokeza kidogo kidogo, na itaonekana nzima utakapokuwa umemaliza. Andika kwenye kadi ni katika funda la ngapi ulipoanza kuyaona macho yake.